Bunduki Mpya ya Haji Mirzaman

Majirani zangu wa Kohat, hebu tulieni mnisikilize, maana jambo hili limetokea ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, na bado linaniuma.

Mnaijua baraza ya wageni ya Haji Mirzaman. Zamani, baada ya sala ya alasiri, hapakuwa na pa kukalia. Mkewe alipofariki watu wakapungua, na Haji akaanza kukusanya bunduki za vita vya kale. Kibali alikuwa nacho, na nia mbaya hakuwa nayo. Alizipenda tu, akazipangusa, hata akawa anazisemesha. Mwanawe yuko kazini Sharjah, hivyo waliobaki naye ni mkwewe Rokhana na mjukuu Spogmai, anayeanza kutambaa. Kelele za mtoto huyo ndizo zilizomwondolea Haji upweke.

Siku moja akarudi kutoka Darra, kwenye wauza bunduki, amekumbatia bunduki aina ya Martini ya enzi za Waingereza. Rokhana akamlaki uani, amempakata mtoto.

"Baba, hii umeifungua ukaangalia ndani?"

"We nawe! Nimekula wali wa mtu, nimekunywa chai yake ya kijani, halafu nianze kumpekua mbele ya wanawe? Atasema Mirzaman hana haya."

"Haya ni zako, Baba. Mtoto ni wangu."

"Imezeeka kuliko babu yangu, binti yangu. Imebaki sura tu."

Tunajijua. Kwetu sisi, kukagua mali ya mtu uliyekula kwake ni sawa na kumwita mwongo. Hata kwa fundi wa bunduki pale sokoni Haji hakuipeleka, akihofia habari zitamfikia mwenyeji wake aliyemuuzia. Akaitundika ukutani vile vile ilivyokuja.

Ijumaa akaniita niione, akaitungua ukutani. Rokhana alikuwa chumba cha pili akimbembeleza mtoto alale.

"Haji, elekeza mtutu chini," nikamwambia.

Akacheka. "Noor Badshah, siku hizi umekuwa mwoga kama kuku? Sikiliza chuma cha zamani kinavyolia."

Akavuta kifyatulio. Kumbe ndani mlikuwa na risasi, Mungu ndiye ajuaye tangu lini. Ilitoboa ukuta wa udongo, ikapasua susu la mtoto. Haji akaidondosha bunduki akapiga ukelele, "Spogmai! Spogmai!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mtoto alikuwa begani kwa mama yake. Alikuwa amekataa kulala, akanyanyuliwa kutoka susuni muda ule ule.

Rokhana hakumtukana mtu. Alifungasha nguo zake, akamwita kaka yake aje kumchukua. Haji akamfuata mlangoni, akavua kilemba, akakiweka miguuni pake. Mzee mzima, mbele ya mkwewe! Nikaangalia pembeni.

"Binti yangu, nitaziuza zote. Usiniachie nyumba tupu."

"Kivae kilemba chako, Baba. Sina hasira na wewe. Naogopa tu."

Akaondoka. Bunduki ziliuzwa kweli, ukutani imebaki misumari. Jioni nikimpitia, Haji hunimiminia chai, kisha hutegea sikio lile tundu la risasi, ambalo hataki lizibwe. Namhurumia.

FUNZO

Mpenda bunduki za kale sina ugomvi naye. Lakini awe na kibali, na kabla ya chai, kabla ya bei, aombe ifunguliwe machoni pake, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Kisha aipeleke kwa fundi, aifungie mbali na watoto, na asiguse kifyatulio kwa mchezo. Nanyi mnaouza, ifungueni wenyewe mgeni angali amesimama, asije akaona haya kuomba. Heshima ya mwenyeji haipungui kwa hilo, na mkwe anayeuliza swali asikilizwe.

Haji Mirzaman aliogopa kununiwa na muuzaji mmoja. Sasa nyumba yake nzima imemnyamazia.