Mparachichi Uliochaguliwa Mvuani

Mtaani kwetu mvua haina adabu. Nguo tunazianika ndani, na viatu huota ukungu uvunguni.

Fundi viatu alipanda miparachichi nyuma ya nyumba. Alichagua kwa mdomo: alionja tunda tamu sokoni, akauliza aina yake, akanunua miche. Hakuuliza tunda lilitoka wapi; kumbe lilitoka sehemu kavu. Miti ilikua vizuri, lakini kila msimu matunda yalipata madoa meusi, yakaoza kabla ya kuiva.

"Nimechoka," alimwambia mkewe. "Naing'oa yote, nijenge banda la kuku."

"Nipe nafasi ya mwisho, baba watoto. Tangu unioe nataka kuchuma parachichi kwangu mwenyewe."

"Ya mwisho kweli, eh?"

Dada yake fundi alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mke akamwita. Akaja na mwavuli.

"Wifi, kaka yangu alichagua tunda. Sisi tutachagua mti. Twende tukaone miti ya majirani."

"Na mvua hii?"

"Hii hii! Wakati wa jua kila mti ni mzuri."

Wakapita nyumba kwa nyumba wakichungulia majani. Jirani mmoja akawauliza kama wamepotelewa na kuku. Kwa dobi wakakuta mparachichi wenye matunda madogo, ngozi nene yenye vipele. Hayakuwa na doa hata moja.

"Mbona sura hayana?" mke akacheka.

"Kwani tunatafuta mchumba? Mti huu umezoea unyevu. Ngozi ya tunda ni nene, ukungu hauingii kirahisi."

Dobi akawapa vijiti vichanga vya mti wake. Nyumbani, yule dada alikata miparachichi ya fundi, akaacha visiki. Akapachika vijiti humo na kuvifunga kwa nailoni.

"Mizizi ni ya kaka, matunda yatakuwa kama ya dobi," alisema. "Sasa chimba mfereji, maji yasituame. Matawi yakisongamana, yapunguze ili upepo upite."

Mke alifanya yote hayo. Fundi alikuwa akipita na kuguna tu.

Miaka michache baadaye, katikati ya masika, mke alijaza kapu. Fundi alikula tunda moja, akakomba ganda kwa kijiko. Kisha akabeba kapu zima hadi kwenye kibanda chake cha kushonea viatu.

"Mazuri haya! Umeyatoa wapi?" mteja akauliza.

"Kwangu."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai. Fundi hakumwona.

"Ila mimi nilitaka kuing'oa miti ile," akaongeza. "Aliyeiokoa ni mke wangu."

Mke akajisikia fahari mpaka akasahau kumimina chai.