Na Chini Yake, Unanusa Nini?

Ilikuwa imebaki nyumba moja tu. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya mizabibu ya Arbois kama mlevi anavyoshuka ngazi: polepole, polepole, kisha halipo.

Aubin Vuillet, dalali wa mvinyo, alikuwa akizunguka maghala ya watu tangu asubuhi. Kazi yenyewe ni kichekesho ukiitazama kwa mbali. Unanusa, unasukutua, unatema kwenye ndoo, halafu unaeleza ulichokipata, na mwenye pipa anakukodolea macho mdomoni kama mgonjwa mbele ya daktari. Ukinyamaza, umemtusi yeye pamoja na babu yake aliyepanda mzabibu. Bahati nzuri, kunyamaza hakukuwa ugonjwa wa Aubin. Pua yake ilisifika mpaka mji jirani wa Poligny. Mdomo wake ulifika Poligny kabla ya pua. Mvinyo wa mtu mmoja aliwahi kuueleza, mbele ya mwenyewe, kwamba unanuka paka aliyenyeshewa akitoka kuungama. Mwenyewe alicheka mpaka akashikilia pipa.

Lakini siku hizi pua hiyo ilikuwa imepata bosi mpya. Siku tisa zilizopita mkewe, Solange, alikuwa amejifungua binti, baada ya miaka kumi na miwili na makaburi mawili madogo. Kila jioni Aubin alivua kofia, akashusha pua juu ya utosi wa Melina, na bingwa yule wa maneno asipate hata neno moja. Alinusa tu. Basi. Aliona hilo ndilo jambo pekee duniani alilopewa bure.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya mjane, Bibi Zelie Maugain.

"Kwa Zelie usiende," fundi mapipa alikuwa amemwonya mchana. "Madalali wawili wametoka kule hawanusi kitu. Mmoja wao, Fermin, leo nyumba inaweza kuungua naye amelala fofofo."

"Fermin hajawahi kunusa kitu," Aubin alimjibu. "Miaka ishirini alikuwa anasoma usoni mwa mwenye pipa."

Wakacheka. Mchana kila mtu hodari.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha. Jikoni, sufuria ya maziwa ilikuwa inaungua, moshi umetanda mpaka darini, na kikongwe amesimama katikati yake, ametulia kama picha.

"Maziwa yako, Bibi."

"Yana nini?"

Aubin akayaepua mwenyewe.

"Umechelewa, mwanangu," akasema Bibi Zelie, akichukua mshumaa.

"Nilichelewa kuzaliwa, Bibi. Mengine yote nawahi."

Hakucheka. Alianza kushuka ngazi.

Kule chini kulikuwa na baridi ya mawe, na giza. Aubin akasimama ghafla, maana kuna kitu kilikosekana. Ghala lolote la mvinyo linanuka: kuvu, mbao, panya aliyekufa kwa raha zake. Hili... halikunuka.

Hata mshumaa haukunuka.

Pipa lilikuwa moja tu. Mvinyo wa Arbois ukipungua pipani hauongezwi mwingine. Unaachwa miaka sita na ushee, mpaka unajifunika utando mweupe kama sanda, na ole wake atakayeupasua. Ndiyo maana Bibi Zelie hakufungua juu. Alizungusha kijibomba kilichochomekwa katikati ya uso wa pipa, na mvinyo wa rangi ya dhahabu ukachirizika ndani ya bilauri.

"Sema," akanong'ona.

Aubin akanusa. Ah. Huo ulikuwa mvinyo.

"Jozi mbichi, Bibi. Zile za Oktoba, ukizimenya zinakuachia weusi vidoleni."

Kikongwe akafumba macho. Akavuta pumzi puani, taratibu... taratibu... na pipa likalia kwa ndani, krrr, kama nalo linavuta pamoja naye.

"Jozi," akasema. "Vidole vya mama yangu."

Aubin akanusa tena. Jozi hazikuwamo. Akajiambia, mvinyo unabadilika ukipata hewa.

"Na chini yake, unanusa nini?"

"Bizari. Imekaangwa kidogo."

Pumzi. Krrr. Chozi likamtoka yule bibi. Na bizari ikatoweka kwenye bilauri kama aliyeitwa nje.

"Na chini yake?"

"Tufaha," akasema Aubin, mdomo ukimtangulia kama kawaida yake. Mara akakumbuka: mfukoni alikuwa na tufaha lililobaki mchana. Akalitoa. Akalinusa. Akaling'ata.

Ilikuwa kama kutafuna maji.

Pua iliyokuwa ikimlisha, iliyomfanya awe Aubin, ilikuwa inavuliwa kipande kwa kipande, na aliyekuwa akikabidhi vipande ni yeye, kwa ulimi wake, kwa ufasaha.

Basi akaamua kudanganya. "Nanusa kinyesi cha nguruwe, Bibi. Zizi zima. Kiangazi."

Bibi Zelie akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akacheka kama msichana.

"Hata hicho, mwanangu. Miaka kumi na saba sijanusa kitu. Hata hicho nilikuwa nakitamani."

Tone likadondoka kutoka kwenye kijibomba kilichofungwa. To... To...

"Na chini yake?"

Aubin hakutaka kunusa. Lakini pua iliyofundishwa miaka ishirini haingoji amri. Ilishuka yenyewe juu ya bilauri. Kule chini kabisa kulikuwa na joto... maziwa... ngozi mpya...

Utosi.

Melina.

Na maneno yakaja. Siku tisa hayakuwapo; sasa yalijipanga juu ya ulimi wake, mazuri kuliko yote aliyowahi kusema maishani, yakisukumana yatoke.

"Sema," Bibi Zelie akanong'ona. Amesogea. "Nami nilizaa mmoja. Hakuuona mwisho wa mavuno. Uso wake naukumbuka, ila harufu yake... imeniponyoka. Neno moja tu, mwanangu. Wewe utanusa mengine."

Ndani ya pipa, chini ya utando, kitu kikajigeuza.

Mdomo wa Aubin ukafunguka. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuuzibia, akaumiminia mvinyo wote wa bilauri, akabana midomo. Hakumeza. Hakutema. Akageuka akapanda ngazi mbio, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. Angekuwa jukwaani watu wangevunjika mbavu.

Nyuma yake hakusikia hatua. Alisikia sauti tu, ya upole.

"Haidhuru. Wewe ni msemaji."

Aliutema mvinyo barabarani, kando ya gari lake, akaendesha mpaka nyumbani bila kupiga hata mluzi. Mchuzi wa Solange ulikuwa ukitokota. Puani kwake ulikuwa mvuke mtupu. Akaenda moja kwa moja kwenye susu alimolala Melina. Akainama.

Harufu yake ilikuwepo. Yote.

Jioni ile Aubin hakusema kitu. Solange alimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Alimuuliza mara tatu, kisha akamwacha, naye Aubin akalala ameuma pembe ya shuka, maneno yale yasije yakamponyoka.

Asubuhi aliamka shuka iko sakafuni. Solange alikuwa dirishani akikunja nepi, anatabasamu.

"Kumbe unaweza," akasema.

Aubin akamtazama.

"Umeongea usingizini. Habari za Melina. Baba wewe, sijawahi kusikia mtu anaeleza mtoto hivyo. Nilitaka niamke niyaandike, lakini ukaishia katikati."

Hakumuuliza ni katikati ipi. Alikwenda kwenye susu. Mtoto alikuwa macho, mzima, anarusha miguu. Aubin akainama, na ilipobaki shubiri moja kufikia utosi wake, akabana pumzi.

"Mnuse basi," akasema Solange.

Akabaki hivyo hivyo, ameinama, amebana.