Kofia ya Chuma ya Mzee Uweso

Miaka ile kila mtu Tanga alikuwa mfanyabiashara. Viwanda vilikuwa vikifunga milango kimoja baada ya kingine, na waliopunguzwa kazi walitandika maturubai Ngamiani wakauza mitumba. Jumamosi moja asubuhi, katikati ya msukumano huo, Semeni binti Uweso alishika mkono wa koti la kijeshi, akakuta mkono wa pili umeshikwa na mtu mwingine.

Alikuwa kijana mrefu, mwenye miwani na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola.

"Dada, nimetangulia mimi," alisema kwa upole.

"Umetangulia kulishika au kulihitaji?"

"Vyote viwili. Mie mwalimu wa historia, nimetoka Pemba. Wanafunzi wangu hawajapata kuona koti la askari."

"Na mie kwetu ni makumbusho ya vita. Kwetu litaonwa na watu wengi zaidi."

Kijana akaliachia koti. Aliitwa Sheha, na makumbusho ndiyo yaliyomvusha bahari. Skuli yake ilitaka kuleta wanafunzi Tanga kuona habari za vita vya mwaka 1914, lakini ratiba ya meli iliwapa nusu siku tu mjini. Mwalimu mkuu alimtuma aje kwanza, achague pa kuwapeleka.

"Nilisikia yapo mahali pamoja tu, kule bandarini," alisema.

"Umesikia nusu, Mwalimu. Twende Makorora ukasikie nusu ya pili."

Walifuatana, Sheha akikokota baiskeli aliyoazimwa na mwenyeji wake. Semeni alivaa buibui jeusi, upindo wa khanga ya kijani ukichungulia chini, na harufu ya asumini ilimfuata Sheha njia nzima, au pengine yeye ndiye aliyeifuata.

Kule bandarini palikuwa na ukumbi mkubwa wenye mzinga mlangoni, ramani za ukuta mzima na bunduki ndani ya vioo. Makorora palikuwa na vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya Mzee Uweso: maganda ya risasi, kibuyu cha bati, na ukanda mpana wa ngozi ambao babu yake Semeni, aliyekuwa mpagazi wa jeshi la Mjerumani, aliutumia kubebea mizigo. Juu ya meza ya katikati ilikaa kofia ya chuma.

"Hii babu aliivaa siku majeshi ya Mwingereza yaliposhuka pwani," Semeni alieleza, akiigusa kwa ncha za vidole. "Alikuwa na mzigo wa risasi mgongoni. Nyuki wakatimka, watu wakakimbia, yeye akasimama."

Alieleza hivyo tangu utotoni, na kila mara sauti yake ilitetemeka mahali palepale. Sheha alimtazama yeye, si kofia. Semeni alipokwenda kuleta kahawa, alirudi akawakuta Sheha na Mzee Uweso, aliyekuwa ameingia kumsalimu mgeni, wamenyamaza, mzee akijipepea kwa kofia yake ya kitambaa. Hakulitilia maanani.

Sheha alikaa Tanga siku nne badala ya mbili. Aliporudi Pemba, simu ya duka la jirani yao Asmahani ikawa inalia kila Alhamisi alasiri.

"Semeni wangu, umekula nini leo?"

"Unaniuliza kama daktari."

"Daktari hupata jawabu. Mie nimekaa ofisi ya skuli, karani ananitazama, na mtoto wa watu ananificha chakula chake."

"Wali wa nazi na papa. Haya, mwambie na karani."

Asmahani alijifanya anapanga sabuni, asipitwe na neno.

Semeni alikuwa na sababu nyingine ya kuzingoja simu hizo. Kaka yake Maulid, aliyepoteza kazi kiwandani, alitaka vyumba vile viwe duka. Afisa utamaduni naye alikuwa ameahidi kuiingiza nyumba yao katika orodha ya makumbusho ya mji endapo skuli zingeanza kuitembelea. Skuli moja tu ingetosha kuanzia.

Mwezi ulipoisha alikutana na Kristina, mtunzaji wa ukumbi wa bandarini, kwenye foleni ya posta.

"Mwalimu wenu wa Pemba ameniandikia," Kristina alisema kwa furaha. "Analeta wanafunzi thelathini kwetu."

Alhamisi hiyo Semeni hakungoja salamu.

"Umechagua bandarini?"

"Nimechagua," Sheha alijibu taratibu.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Ulikunywa kahawa ya baba yangu, ukamsikiliza, ukaenda kumcheka."

"Sikumcheka, Semeni. Wallahi sikumcheka."

"Basi niambie sababu."

"Hilo usiniulize mie."

"Usinipigie tena," alisema, akaweka simu. Asmahani alimsogezea kigoda.

Juma lililofuata Semeni akaanza kufungasha vitu vya makumbusho, kwa kuwa Maulid alikwisha kumwita fundi wa rafu. Alifunga maganda ya risasi kwenye magazeti, akakunja ukanda. Alipoinua kofia ya chuma aiweke sandukuni, machozi yakamtoka. Mzee Uweso, aliyekuwa mlangoni akitazama, akaingia akaketi juu ya sanduku.

"Ipindue, mwanangu. Soma ndani, chini ya ngozi."

Palikuwa na tarakimu zilizogongwa chumani: 1941.

Semeni alizisoma mara tatu.

"Babu yako alikufa kabla ya kofia hii kuundwa," mzee alisema. "Niliinunua sokoni. Ulikuwa mdogo, ukaniuliza babu alivaa nini vitani. Mpagazi hakupewa kofia, Semeni. Alipewa mzigo. Niliona haya kukuambia hivyo."

"Sheha anajua?"

"Aliuona mwaka siku ileile. Akaniambia kwa adabu, ulipokuwa jikoni. Nikamwomba asikuambie, nami nikakuacha umlaumu. Nisamehe."

Semeni alimkasirikia baba yake kwa muda usiofika dakika. Kisha akamkumbatia, akachukua ushungi, akatoka mbiombio kwenda kwa Asmahani.

Pemba simu aliipokea karani. "Mwalimu yumo darasani."

"Mtoe, tafadhali."

Zikasikika hatua za mtu anayekimbia.

"Halo?"

"Baba ameniambia," Semeni alisema. "Ungejitetea kwa neno moja tu."

"Lingekuwa neno la mtu mwingine. Sikuwa na ruhusa nalo."

"Lakini bado unawapeleka bandarini."

"Bado. Wana ramani nzuri na tarehe za kweli. Umekasirika?"

"Kidogo. Nitakuja kukukasirikia hukohuko bandarini."

Siku ya meli alikwenda na baba yake. Maulid alikuwa amepewa chumba kimoja, kingine kikabaki na ukanda, na Semeni aliandika maelezo mapya kwa mkono wake. Ukumbini mwa bandarini Kristina alieleza mizinga na majemadari, kisha akamkaribisha Mzee Uweso aseme habari za wapagazi, kwa maana ukutani hawakuwamo. Mzee alisema kila kitu, hata habari ya kofia. Wanafunzi wakamwuliza maswali mpaka adhuhuri.

Nyuma ya wanafunzi walisimama wazee wawili wa kanzu nyeupe na mikongojo, wakimtazama Semeni kuliko bunduki.

"Hao nao walimu?" alimnong'oneza Sheha.

"Mmoja ami yangu, mwingine mjomba."

"Wanapenda historia?"

"Hata kidogo. Nimewaleta wazungumze na baba yako. Nilitaka kwanza nikuulize weye kama waseme au wanyamaze."

Semeni alitengeneza ushungi wake, ambao haukuwa na kasoro yoyote. Akawaendea wale wazee, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni, wazee wangu. Nyumbani ni Makorora, si mbali. Wali upo jikoni."

Ami yake Sheha akageuka kumtazama mwenzake. "Basi mbona tumesimama?"