Leo Ushindwe, Mpenzi

"Leo ushindwe, mpenzi. Mara moja tu."

"Nishindwe mbele ya mkuu wa chuo?"

"Mama atakuwepo. Akiona mkwewe ananigaragaza, atasema mimi ndiye niliyeolewa."

Binti Rada akacheka. Mdahalo wa ndege za kivita ndio ungeamua nani awe mkufunzi mkuu wa chuo cha urubani, yeye au mchumba wake. Mchumba mwenyewe, waliyempachika jina la Profesa kwa wingi wa maneno, hoja zake zote alipikiwa na huyuhuyu binti. Lakini harusi ilikuwa mwezi ujao, na mapenzi yana upofu wake.

"Haya. Cheo kitalala nyumba moja," akasema.

Ukumbini Profesa akamgeukia. "Mwenzangu, hizi ndege zinazokwepa rada, kuna wakati zinanaswa?"

Zipo nyakati, na jibu ni Binti Rada mwenyewe aliyemfundisha Profesa: zikifungua milango ya tumboni kudondosha mabomu, rada inaziona. Akaikumbuka ahadi yake.

"Hakuna. Hazionekani kabisa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akacheka kuliko wote.

"Jamani, na huyu anafundisha watoto wa watu!"

Cheo akapewa Profesa. Jioni ukaingia ujumbe kwenye simu ya Binti Rada:

"Nimefikiria sana. Mkufunzi mkuu hawezi kuoa kichekesho cha chuo. Mama naye hataki. Usinipigie."

Binti wa watu alilia mpaka sauti ikakauka.

Wiki iliyofuata Profesa alikuwa mbele ya marubani, mkuu wa chuo pembeni, mama yake kiti cha mbele. Rubani mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, rada za mawimbi marefu huiona ndege hii inayokwepa rada. Mbona ni vigumu kuilenga kwa kombora?"

Profesa akatoa tabasamu la kuazima. Chini ya meza vidole vikakimbia kwenye simu. Kiti cha nyuma ukumbini, simu ya Binti Rada ikatetemeka.

"Nisaidie mpenzi. Nilikosea. Nitakuoa hata kesho."

Jibu alikuwa nalo: rada hizo huiona, ila hazijui hasa iko wapi. Akaandika jingine.

Profesa akachungulia simu, akasoma kwa mazoea, kifua mbele:

"Ni ile rangi yake nyeusi. Inaichanganya rada."

Marubani wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Mkuu wa chuo akavua miwani. Mama akainamisha kichwa.

Simu ya Profesa ikatetemeka tena mkononi.

"Siwezi kuolewa na kichekesho cha chuo. Usinipigie."