Mkanda wa Kaniki

Asubuhi hiyo Telesphory alipouondoa mkanda msumarini, aliukuta una joto. Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa halijachomoza na asubuhi za Kalinzi zina baridi ya kukunja vidole. Lilikuwa joto la nguo aliyoivua mtu mwingine sasa hivi. Akaunusa. Ulinuka chuma kilicholoa. Akajiambia kaniki mpya zina mambo yake, akajifunga kiunoni chini ya shati.

"Chai hunywi?" aliuliza mkewe, Winfrida, kutoka mlangoni, bila kumtazama.

"Nimechelewa."

"Na hela ya Diana umeiacha wapi, Baba Diana? Shule zinafunguliwa."

"Nikirudi itakuwa mara mbili."

Winfrida akageuka akarudi jikoni. Hiyo mara mbili alikuwa ameisikia kila msimu wa kahawa, na kila msimu mumewe alirudi na mifuko mitupu. Telesphory hakuwa mlevi wala mtu wa wanawake. Alikuwa mtu mwema mwenye tundu moja tu, na kwenye tundu hilo lilipita shamba zima. Malipo ya kahawa yakitoka, naye akasikia kwamba mbalamwezi imeingia, kwamba wavuvi wameivuta mitumbwi nchi kavu kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, basi miguu ilimwasha. Huko ziwani wavuvi wasio na kazi hucheza karata kutwa, kwa hela taslimu.

Mwaka uliopita hakufika hata kwenye karata. Vibaka walimkaba njiani wakamwachia kaptura. Ndiyo maana safari hii alitangulia kwenda Ujiji kwa Bi Mwanvua, mama mmoja mnene aliyeuza ndoo za plastiki duka la mbele na kutibu watu chumba cha nyuma.

"Shikamoo, mama. Nina safari, nabeba hela. Naogopa wezi."

"Marahaba. Safari ya nini?"

"Nakwenda kununua dagaa," alisema Telesphory, na uongo huo ulimtoka laini kabisa.

Bi Mwanvua alimshonea mkanda mweusi wenye mfuko ndani, akausomea, akaufukiza, kisha akamshika kifundo cha mkono. "Humu nimemfunga mlinzi; hatoki mpaka safari ianze. Mtu akichukua hela humu bila ridhaa yako, atamfuata, na ataanza na mkono ulioshika. Humaliza na aliye karibu, kisha humwendea aliye mbali. Ukimlipa mtu, mwambie: nimekupa. Lakini moyo nao useme hivyo hivyo. Huyu ukimdanganya mara moja, hakuamini tena."

"Nimeelewa, mama."

Hakuelewa. Alikuwa anawaza wezi wa barabarani, na wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Kambi ya wavuvi ilikuwa mbele kidogo ya Kibirizi. Walicheza mchana kweupe, wamekaa juu ya turubai katikati ya vichanja vya kuanikia dagaa. Hadi adhuhuri Telesphory alikuwa anawala wenzake hela, anacheka, anaagiza soda za watu wote. Alasiri mambo yakageuka, kama yanavyogeukaga siku zote. Mfuko wa mkanda ukakauka. Hela yote iliishia mbele ya Rodgers, kijana wa Katubuka, mpole wa sauti, aliyekuwa akivua kwenye mtumbwi wa kaka yake.

Rodgers aliikusanya kwa mkono wa kulia, akachomoa msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, akamnyooshea. "Pole, mzee. Shika hii ya bodaboda. Mama asije akakulaza nje."

Watu wakacheka. Kijana alisema kwa huruma, wala si kwa dharau, na huruma ile ndiyo iliyomuuma Telesphory kuliko hela. Akayakumbuka maneno ya Bi Mwanvua. Aliyakumbuka yote, asije mtu akamtetea kwamba alisahau.

"Nimekupa," akasema, huku akitabasamu. Na moyoni akasema: uvunjike huo mkono.

Kwanza ikaja harufu, ile ile ya chuma kilicholoa, ikaifunika harufu ya dagaa, na kwenye ufukwe ule hakuna kinachoifunika harufu ya dagaa. Kisha ikaja sauti, ya mtu anayeviliza vidole vyake kimoja kimoja. Rodgers akautazama mkono wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeinuka chenyewe, kinarudi nyuma taratibu, mpaka ukucha ukagusa mgongo wa kiganja. Hakulia hapo hapo, alikitazama tu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kikafuata cha pili. Cha tatu kilipolia ndipo naye akalia, na wenzake wakamrukia, wakamshika kiuno na mabega wamvute, na upande wa pili kitu ambacho hakuna aliyekiona kikavuta pia, kikaanza kuukamua mkono ule kama mtu anavyokamua nguo aliyoifua, ngozi ikapasuka kwenye kifundo, mfupa ukachungulia, damu ikaruka ikalowesha karata na soda na nyuso za watu, na kijana akawa anaita mama yake, kisha hamwiti tena, anatoa mlio tu, mpaka kiganja kikakatika kikaanguka juu ya turubai kikiwa bado kimeifumba hela.

Kiganja kikafumbuka. Hakikuwa na kitu. Telesphory akahisi mkanda wake unajaa, na umajimaji wa moto unamtiririka tumboni, na haukuwa jasho lake.

"Mchawi huyu," alisema Nehemia, kaka yake Rodgers, kwa sauti ya chini. Alikuwa na panga. "Leta hela ya mdogo wangu."

"Usinishike, ndugu yangu. Nakuomba, usiushike mkanda."

Nehemia akaushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta. Mkono wake wa kulia, wenye panga, ukapanda juu bila yeye kuupandisha, akautazama huko juu kwa macho ya mtu asiyeamini, ukashuka ukaupiga ule wa kushoto kwenye kiwiko, ukapanda tena, ukashuka, ukapanda, naye analia anauambia mkono wake mwenyewe basi, basi, na watu waliokuwa wakimshikilia Rodgers wakatawanyika, wakaviangusha vichanja, wakakimbia wakikanyaga dagaa na damu. Telesphory naye akakimbia. Alikuwa anatapika huku anakimbia.

Barabarani akampigia Bi Mwanvua, akamweleza kwa kunong'ona.

"Huyo wa kwanza ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimekupa."

"Na moyoni?"

Telesphory akageuka kutazama kule ufukweni. Bi Mwanvua akavuta pumzi. "Kumbe ilikuwa kamari. Ungesema kweli nisingekufungia. Mcheza kamari hatoi, hunyang'anywa. Haya, hela imerudi yote?"

Akaingiza vidole kwenye mfuko. Noti zilikuwa zimegandamana kwa damu. Asubuhi hakuwa amezihesabu, maana wa kamari hahesabu akitoka, huhesabu akirudi. Akahesabu mara mbili, akilinganisha na malipo ya kahawa aliyoyatia humo jana.

"Imepungua, mama."

"Basi yuko aliyechukua kabla ya hao. Hao walikuwa karibu, amewamaliza. Sasa anamwendea wa mbali. Jana nani alikuwa na huo mkanda?"

Akakumbuka joto la asubuhi, na mkewe aliyesimama mlangoni bila kumtazama. Wakati huo huo mkanda ukalegea. Ukapoa kiunoni, ukawa kitambaa tu.

"Mama, umepoa."

"Ameondoka. Kimbia. Aliyezichukua akizirudisha mfukoni kabla mlinzi hajafika, atapona."

"Nikisema nimekupa?"

"Neno hilo umeshalichoma, mwanangu."

Akampigia Winfrida. Simu haikupatikana. Akapata bodaboda, akampa dereva kila kilichokuwa mfukoni mwa suruali, pikipiki ikaanza kupanda milima ya kwenda Kalinzi. Njia nzima alimwogopea mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumwogopea mtu. Aliiona mikono ya mkewe, akashangaa kwamba anaijua vizuri hivyo, kovu la jembe kwenye kidole gumba, kucha nyeusi za kuchuma kahawa, pete ya ndoa aliyomnunulia ya bei ya chini akiahidi nyingine msimu ujao, na kila kona ya barabara aliisikia mbele yake sauti ile ya vidole, inakwenda kwa kasi kuliko pikipiki, haisimami kwenye makorongo, haipungui kwenye milima, inajua nyumbani kwake ni wapi kwa sababu ililala huko usiku kucha imening'inia msumarini.

Alifika jua linazama. Winfrida alikuwa jikoni anasonga ugali, mikono yake mizima yote miwili.

"Mama Diana. Ulichukua hela kwenye mkanda?"

Winfrida akaona damu kwenye shati. Akaweka mwiko chini. "Nilichukua, ulipolala. Ukitaka kunipiga, nipige. Hiyo damu ya nani?"

"Zirudishe humu. Zirudishe sasa hivi, nakuomba."

"Ziko wapi za kurudisha? Nimenunua sare, nyingine amekwenda nazo Diana shuleni. Hamna hata moja." Kisha akakunja pua. "Kitu gani kinanuka hapa, kama sufuria yenye kutu?"

Telesphory akapiga magoti, akaishika mikono yake yote miwili, akaifunika kwa yake.

"Nimekupa," akasema. "Ulizochukua na hizi zilizobaki, na kahawa yote ya mwakani. Nimekupa, Mama Diana." Na safari hii moyo ulisema hivyo hivyo. Tangu amwoe, ilikuwa mara ya kwanza kumpa kitu bila kutaka kirudi mara mbili.

Wakakaa hivyo. Ugali ulikuwa unafukuta polepole. Harufu ikapungua, ikapungua, mpaka ukabaki moshi wa kuni tu. Winfrida akamtazama mumewe analia, naye machozi yakamlengalenga bila kujua ni ya nini.

"Nimekusikia," akamnong'oneza. "Inuka basi, ule."

Telesphory akaiachia mikono ya mkewe, akajifuta uso kwa shati. Hapo ndipo sauti ilipotoka pembeni, nyuma ya rundo la kuni, ya upole, yenye heshima, sauti ya kijana wa Katubuka.

"Hata mimi uliniambia hivyo, mzee."

Winfrida hakuonekana kuisikia. Alikuwa ameinamia mkono wake wa kulia.

"Baba Diana," akasema, "niachie, unaniumiza kidole."