Bei ya Mkanda

Sogeeni, jamani. Na wewe mwenye tabia ya kuguna dukani kila ukitajiwa bei, usijifiche nyuma ya wenzako, maana hadithi hii ni yako zaidi.

Asubuhi ile nyumbani kwa Mama Nati ilikuwa tulivu. Mahindi yote yalikuwa yameshavunwa na kumwagwa uani juu ya maturubai, kuanzia ukuta wa jiko mpaka banda la trekta. Mama Nati alikuwa anamimina chai. Mumewe alikuwa amekaa barazani na koti lake la siku zote, akimsimulia jirani aliyekuja kuazima koleo jinsi alivyolinunua trekta lile likiwa jipya. Alijua bei yake mpaka senti ya mwisho. Alijua gunia la mahindi lilikuwa bei gani mwaka ule, na pipa la dizeli, na ujira wa kibarua wa kutwa, hata soda aliyomnunulia dereva aliyelileta. Kila bei aliitanguliza kwa maneno yaleyale, "enzi zile", mpaka watu wakampa jina: Mzee Enzi Zile. Hakukasirika hata kidogo. Aliona wamempa cheo.

Kukumbuka si kosa. Hata mimi napenda kumsikiliza mzee akikumbuka. Kosa lilikuwa kwamba Mzee Enzi Zile alitaka na kulipa kwa bei hizohizo. Vibarua walikuwa na msemo wao juu yake: akiuza, anauza kwa bei ya leo, akinunua, anataka bei ya juzi.

Mama Nati hakuwa akisikiliza habari za soda. Alikuwa anatazama mawingu. Yalikuwa yameanza kujikusanya tangu alfajiri, meusi, na upepo ulikuwa umebadilika. Mnunuzi na lori lake angefika kesho. Mahindi yakilowa kabla ya kupukuchuliwa yangeota ukungu, na mahindi ya ukungu nani anayataka? Ilibidi kazi iishe leo.

Vibarua walifika wanne, wakauliza ujira kwanza. Mzee akawatajia. Wakatazamana. Msimamizi wao, mama mmoja mcheshi ambaye kwa kawaida hakosi utani, safari hii hakutania. Mzee akaanza kumweleza kwamba enzi zile mtu alilima kutwa kwa fedha pungufu ya hiyo, na akarudi nyumbani na kilo mbili za sukari.

"Baba, sikatai," yule mama akamwambia. "Lakini twende wote dukani ukaniombee hiyo sukari ya enzi zile."

Wakachukua ndoo zao, wakaenda zao.

Basi kazi ikabaki kwa watu watatu: mzee, mkewe na binti yao. Binti huyu walimwita Nati, kwa sababu tangu anatambaa hakuona nati asiifungue. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi kamili, amefanya kazi gereji miaka mingi kabla ya kurudi kuwasaidia wazazi wake. Mikono yake ndiyo iliyolifanya trekta lile kuukuu liendelee kunguruma. Mama yake alikuwa akiitazama mikono ile na kuona fahari, na siku hizi akiitazama na kuogopa.

Aliogopa mkanda. Mashine ya kupukuchua mahindi haikuwa na injini yake. Ilizungushwa na trekta, kwa mkanda mpana wa mpira uliotoka gurudumu la huku hadi gurudumu la kule. Msimu uliopita mkanda ulikatika. Mzee akaushona mwenyewe kwa waya wa uzio, na ncha za waya zikabaki zimechomoza kama miiba. Kila mshono ulipopita kwenye gurudumu ulilia: tak. Tak. Tak. Isitoshe, ulikuwa umelegea, unateleza, na dawa yake mzee ilikuwa moja: mtu ainame ausugue kwa kipande cha ulimbo ili ushike, huku unazunguka. Kuzima injini, alisema, ni kupoteza dizeli.

Si kwamba hawakwenda dukani. Walikwenda, baba na binti, wiki iliyotangulia. Muuza vipuri akautandaza mkanda mpya juu ya meza, akataja bei. Mzee alicheka. Akamwambia kwamba kwa fedha hizo, enzi zile, alinunua jembe zima la trekta na chenji ikamtoshea viatu. Akatoka nje, mkono wake ukiwa ndani ya koti, umezishika fedha zilezile. Nati akamfuata, uso ameuinamisha kwa aibu.

Mama Nati alipojaribu kumwongezea fedha zake za kuku, mzee alimkatalia kwa upole.

"Fedha ninazo, mke wangu. Ila nikinunua kwa bei ile, nimekubali kuibiwa."

Mnasikia? Hakuwa maskini. Hakuwa hata mkatili. Aliamini kabisa kwamba dunia nzima imemkosea, na kwamba akikaza roho kidogo tu, bei zitaona haya na kurudi zilikotoka.

Nati aliliwasha trekta. Kabla ya kuanza alimvuta mama yake pembeni, akamwonyesha kishikio chekundu cha kuzimia injini, chini ya usukani.

"Mama, ukisikia mlio usiouelewa, usiniite wala usiniulize. Vuta hiki."

Mama Nati akaitikia, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Alijaza beseni mahindi, akampelekea mumewe ayatie kwenye mdomo wa mashine, akarudi kujaza jingine. Muda wote masikio yake yalikuwa kwenye mkanda. Tak, tak, tak. Mlio ule ukiwa sawa, alipumua. Ukipungua kasi, alisimama na beseni lake mpaka urudi. Aliomba kimoyomoyo mvua ichelewe. Kisha akaomba inyeshe hata sasa hivi, mahindi yaoze, kazi isimame, mwanawe atoke pale. Kisha akaogopa kwamba ameomba vibaya.

Tone la kwanza lilimwangukia mkononi. Mzee naye aliliona tone lake. Akatazama mahindi yaliyobaki, yalikuwa mengi bado, na mkanda ulikuwa umeanza kuteleza kwa unyevu.

"Sugua tena," akamwambia Nati. "Tia nguvu, mvua hiyo!"

Nati akainama na ulimbo wake. Mama Nati alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, amechuchumaa, aliposikia tak mbili na ya tatu haikuja. Injini ilikoroma. Hakusikia kelele ya mtu, na hicho ndicho kilichomtisha. Akatupa beseni, akakimbia juu ya mahindi, yakamtelezesha akaanguka kifudifudi, akaenda kwa magoti, akashika tairi, akajivuta juu, akavuta kile chekundu kwa mikono yote miwili.

Trekta likanyamaza. Nati alikuwa amekaa chini, macho makavu, na mkono wa kulia wa shati lake umenaswa na ncha za waya na kuvutwa mpaka kwenye gurudumu. Mzee alikuwa amesimama na hindi mkononi. Hakujua aliweke wapi.

Jirani yule wa koleo ndiye aliyeleta pikapu yake. Mvua iliwanyeshea njia nzima, na nyuma yao ikanyesha juu ya mahindi.

Daktari alisema mkono umepona kwa sababu injini ilizimwa mapema. Vidole viwili ameshindwa kuviokoa. Kisha karani akawaita dirishani, akataja gharama. Na mdomo wa mzee, kwa mazoea tu, masikini, ukafunguka.

"Enzi zile..."

"Malizia, Baba Nati," mkewe akasema. Hakupandisha sauti. "Enzi zile kidole cha mtoto kilikuwa shilingi ngapi?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mzee aliingiza mkono ndani ya koti, akazitoa fedha, zilezile alizotoka nazo dukani, akazihesabu juu ya dirisha kwa vidole vyake vyote kumi. Zilitosha, na nyingine zikabaki. Hilo ndilo lililomliza mbele za watu Mama Nati, ambaye tangu uani hakuwa ametoa chozi: zilitosha.

Mahindi yaliota ukungu, yakanunuliwa kwa bei ya kutupa, chakula cha nguruwe. Vibarua walirudi msimu uliofuata kwa ujira wa leo, na yule mama mcheshi akahesabu wake, akaufunga kwenye kanga. Mkanda mpya mzee aliununua mwenyewe, na muuza vipuri anasema hakuuliza bei. Hauna mshono, hauna mlio. Nati anautazama ukizunguka na kushika spana kwa mkono wa kushoto, anaangusha, anaokota, anajifunza upya. Mama Nati bado anasimama na beseni, akisikiliza tak ambayo haipo.

Wapita njia wakimwuliza mzee trekta lile alilinunua kwa kiasi gani, husema amesahau. Mwongo. Anakumbuka mpaka senti ya mwisho.

FUNZO

Ndugu zangu, yaliyopita si ndwele, lakini wako waliojilaza ndani yake na hawataki kuamka. Bei ya zamani ilikwenda na ujira wa zamani, na sukari ya zamani, na wewe wa zamani. Huwezi kuirudisha kwa kumnyima kibarua haki yake, wala kwa kushona kwa waya kitu kilichokwisha. Kama huna, sema huna, watu watakusaidia. Lakini kama unazo mfukoni na kinachokuzuia ni uchungu wa kukumbuka tu, basi jua kwamba bei ile utailipa. Mwombe Mungu usije ukalipiwa na mwanao.