Madebe Yaliyosogea

Haya yalimpata rafiki yangu Nzilani pale Katangi. Mama yake alikuwa mgonjwa, amekataa kila kitu ila uji. "Harakisha, mwanangu," alimwambia, "jua lisizame kabla sijanywa."

Kwetu watu hawapangi foleni. Tunapanga madebe ya mahindi mbele ya mashine ya kusaga, kisha tunangoja nje tukipiga gumzo. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Debe la Nzilani lilikuwa la mwisho, naye akabaki ndani peke yake, akiomba stima irudi. Upepo ukafunga mlango. Chumba hakina dirisha.

Krr. Debe likakwaruza sakafu. Krr. Lingine likafuata, kama zamu zinavyosogea.

"Ndunda, wacha mchezo!"

"Mchezo gani?" Ndunda, mwenye mashine, akacheka huko nje. "Mimi niko na chai mkononi. Siku hizi unaogopa madebe?"

Krr. Kisha kimya.

Ndunda akaingia na tochi ya simu. Debe la Nzilani lilikuwa mbele kabisa. Nzilani akagusa mashine: baridi. Akatia mkono ndani ya debe. Mahindi yalikuwa yamesagwa, na unga ulikuwa bado moto.